Mkono wa Bwana Mifugo

Bwana Mifugo alikuwa na desturi ya kumsalimia ng'ombe kabla ya mwenye ng'ombe. Angeingia uani, kofia kwapani, ampite baba wa watu aliyesimama na mkono umenyooshwa, aende moja kwa moja kwa mnyama, ampapase mgongo, ainame, aweke sikio kwenye ubavu wa kushoto na kufumba macho. Hapo hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Akishamaliza kusikiliza ndipo hugeuka na kusema, "Hamjambo hapa?" kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Wengi walimwona ni mtu wa dharau. Mimi nilimjua miaka mingi, na dharau alikuwa nayo, sikatai, ila haikuwa hiyo.

Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, zama zile Mwingereza bado ndiye mwenye amri, na kituo chake kilikuwa Busia, upande wa Uganda, pale ng'ombe wanapovuka. Kazi yake ilikuwa kuwazuia wasivuke. Mimi nilikuwa na hoteli ya chai na chapati jirani na kituo hicho, na mume wangu alikuwa na lori lililopeleka pamba na abiria Tororo. Kwa hiyo tulimwona Bwana Mifugo asubuhi kwa chai, mchana kwa ugali, na jioni tena kwa chai, na kwa kuwa hakuwa na mke wa kumsimulia mambo yake, alinisimulia mimi. Jina lake nilikuwa nalijua. Sikuwahi kulitumia, na hata hapa sina haja nalo.

Alichokuwa akikisikiliza ubavuni mwa ng'ombe ni jiko. Ndivyo alivyolieleza. Ng'ombe, alisema, hajui kula majani. "Wewe ukila majani utakufa, Mama Hoteli, na ng'ombe vilevile. Hana dawa ya majani tumboni mwake. Anayo nyumba tu, yenye joto na giza, na ndani ya nyumba kuna wapishi." Wapishi hao ni vijidudu vidogo mno, wengi kupita watu wote wa Busia na Tororo na kwingineko. Ng'ombe huwapelekea nyasi, wao huzichachusha, huzilainisha, huzigeuza chakula. Yeye huzirudisha mdomoni, huzitafuna tena, huwarudishia wamalizie. Likinguruma tumbo, jiko linachemka. Likinyamaza, wapishi wana shida.

Wateja wangu walimcheka. Kulikuwa na mpakuaji mizigo mmoja ambaye kila akimwona huita kwa sauti, "Bwana Mifugo, wapishi yako nataka chapati ngapi leo?" Naye hujibu bila kutabasamu, "Mbili, na maharage." Aliamini kabisa kwamba hata sisi tunao. Mtoto, alisema, huzaliwa jiko lake tupu, na mama humpa wapishi wa kwanza bila kujua, anapomzaa, anapomnyonyesha, anapombusu. Mimi nilimwambia wanangu niliwapa uji. Akasema, "Hata uji ulihitaji mpishi."

Sasa, mtu anayesema hivyo ungetegemea awe rafiki wa uchafu kidogo. Wapi! Sijaona mtu aliyenawa kama yule. Alitembea na kipande cha sabuni nyekundu ya dawa ndani ya kikopo cha bati, na kila akipeana mkono na mtu, hata katekista wa kanisani kwake, hungoja apate upenyo, ateleze hadi kwenye ndoo yangu na kunawa hadi viwikoni. Harufu ya sabuni ile ilimtangulia. Mimi nilimsalimia kama tunavyowasalimia wanaume wasio wetu, mkono ndani ya ncha ya leso, na nadhani ndiyo sababu tulielewana. Nilikuwa mtu pekee asiyemlazimisha kunawa.

Tena, baada ya kunawa hivyo, hukaa na kunywa maziwa lala kutoka kwenye kibuyu changu ambacho hakijawahi kuguswa na sabuni tangu kilipokatwa. Nilikisafisha kwa kijiti cha moto na maji tu, kama alivyonifundisha bibi aliyeniuzia. Nilipomwonyesha kwamba hayo mawili hayapatani, alifikiri sana, kisha akasema kuna vijidudu anavyovijua na vijidudu asivyovijua, na kibuyu changu anakijua.

Bibi aliyeniuzia kibuyu ndiye nitakayemtaja sasa, maana bila yeye picha ya Bwana Mifugo ina tundu katikati. Alikuwa wa kijiji cha Masinya, mjane mwenye ng'ombe wachache wazuri, mrefu, mikono mikubwa. Kabla ya mambo ninayosimulia, watu wa pande zile wakiwa na ndama asiyeshika malisho, au ng'ombe aliyeacha kucheua, walimwita yeye. Alikwenda na maksai wake mmoja mzee, mpole. Alingoja maksai acheue, kisha humtia mkono kinywani, huuvuta ulimi pembeni, hulichukua lile tonge la kijani likiwa bado la moto, na hapo hapo hulisukuma kooni mwa mgonjwa. Hakufanya mbwembwe yoyote. Kwao lilikuwa na adabu zake: anayepewa tonge hawi mgeni tena, ng'ombe wake na wako ni ndugu, na siku ukishikwa wewe, yeye atakuja.

Ukaja mwaka wa sotoka. Ng'ombe walikufa hadi wenyewe wakaacha kulia. Serikali ikafunga njia zote, na Bwana Mifugo akapita vijiji vyote akikataza ng'ombe wasikutane, wasinywe pamoja, na juu ya yote mate ya ng'ombe mmoja yasiingie kinywani mwa mwingine. Katazo lilikuwa la haki. Sotoka hupita kwenye mate, hilo hata mimi nilijua. Lakini bibi wa Masinya alikuwa ameitwa kwenye boma moja ambako ng'ombe walikuwa wameanza kusinzia, akaenda na tonge lake, na baada ya hapo boma zima likateketea. Chifu akaitisha baraza. Bwana Mifugo akasimama mbele ya watu wote, akamwonyesha bibi kwa kidole na kusema, "Mikono hii ndiyo inayoua ng'ombe wenu."

Niliyasikia hayo kwa watu waliokuwapo, na wote waliyasimulia kwa maneno yale yale. Tangu siku ile hakuna aliyemwita bibi tena. Kwa sisi wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwake yeye lilikuwa kama kufutwa. Watu walimpita na ng'ombe wao wagonjwa mbele ya mlango wake, wakawapeleka kwa mwingine. Naye tangu siku ile hakumpa mtu mkono. Akikutana na watu husema salamu ya kwao, "Mulembe," mikono nyuma, na ukimnyooshea wako husema kwa upole kabisa, "Yangu naua."

Lililobaki ni hili, na nililisema wazi mbele ya Bwana Mifugo zaidi ya mara moja, nikimmiminia chai. Tonge lilitoka kinywani mwa maksai wa bibi. Maksai yule hakuugua. Ng'ombe wa bibi hata mmoja hakutokwa na machozi mwaka ule. Kama sotoka haikuwamo kinywani mwake, mikono ingeitoa wapi? Ugonjwa ulikuwa umeshaingia boma lile kabla hajafika. Ndiyo maana aliitwa!

Bwana Mifugo alikuwa akisikiliza, anazungusha kikombe, kisha anasema, "Ongeza sukari." Alijua. Nilimkasirikia sana kwa hiyo sukari yake.

Kwa kumtendea haki niseme kwamba makosa yake mwenyewe, yale yasiyo na mashahidi, aliyasimulia bila kuombwa. Siku zile alipokuwa kijana kazini alijenga nyuma ya kituo zizi la mfano la ndama. Sakafu ya saruji, maji yaliyochemshwa, maziwa yaliyochemshwa, nyasi safi zilizokatwa mbali ambako hakuna ng'ombe aliyepita. Ndama wakatengwa na mama zao siku ile ile ya kuzaliwa ili wasirambwe. Mkubwa wake alipita akapasifu sana. Ndama hawakuugua, wala hawakukua. Matumbo yakavimba chini, manyoya yakasimama, wakawa wanaziangalia nyasi tu. Siku moja mlango ukasahauliwa wazi, ndama mmoja akatoka, akajichanganya na ng'ombe wakubwa, akarambwa, akala majani yaliyodondoshewa mate, na nadhani hata mavi aliyaonja. Mwezi haukuisha akawa anang'aa, na wenzake bado wamesimama kwenye saruji. "Nilikuwa nimewafungia wapishi nje," aliniambia. "Nikawawekea na kufuli." Hilo alilisema huku anacheka. La bibi hakulisema.

Mara moja nilipanda lori na mume wangu hadi Tororo, na Bwana Mifugo alikuwamo, amekaa wima, mkono mmoja umebanwa ubavuni kama mtu mwenye jipu. Nilidhani anaumwa. Kumbe alikuwa na chupa kwapani, ndani yake maji ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ile. Wapishi hawapendi baridi, alisema, wala hawapendi hewa, kwa hiyo chupa ijazwe hadi juu na ipate joto la mwili. Tororo kulikuwa na ofisi yenye darubini, na siku ile mkubwa hakuwapo, akaniita niangalie.

Nimeangalia mambo mengi katika umri wangu, na hilo nimelihifadhi. Tone moja la maji ya kijani, na ndani yake soko. Walikuwa wakikimbia, wenye manyoya pembeni, wanene, wanagongana, wanapishana, mmoja ana kipande cha jani amekishika hakiachii. Niliogopa, kisha nikafurahi mno, nikasahau kwamba nimemshika mwanamume begani. Bwana Mifugo akasema hao ninaowaona ni wanyapara tu. Wafanyakazi wenyewe ni wadogo zaidi, darubini ile haiwafikii, ila kazi yote ni yao.

"Na mshahara wao ni nini?" nikamwuliza.

"Nyumba. Chakula. Joto."

"Na wakizeeka?"

Akaifunga chupa. Kisha akaniambia kwamba mwisho wa safari wapishi hutiririka na chakula kwenda chumba cha ndani, na huko ng'ombe huwala. Nyama yake yote anayoijenga, sehemu kubwa hutoka kwao. Nikamwambia hiyo ni serikali kamili. Akacheka hadi akavua kofia, kisha akachungulia mlangoni kuona kama kuna aliyesikia.

Sasa Sitara. Sitara alikuwa ng'ombe wangu, mwekundu, pembe fupi, na maziwa ya hoteli yote yalitoka kwake na kwa majirani wachache. Nilimpenda, sitaficha. Mume wangu alikuwa na biashara zake nyingine ambazo mke wa mpakani hazimshangazi. Mahindi wakati ule yalikuwa na sheria upande wa Kenya, hayakutakiwa kuvuka, kwa hiyo yalivuka. Polisi walikuwa wakipekua maduka, ghala, hata chini ya vitanda. Mume wangu akaona mahali pasipopekuliwa ni zizini, akayalaza magunia ukutani na kuyafunika kwa nyasi. Alijipongeza sana kwa akili hiyo. Watu wa mpaka tunajua kumficha polisi kila kitu, ila mume wangu alisahau kwamba zizi lina mwenyewe. Sitara alikula nyasi za kufunikia, akafika kwenye gunia, akalipasua, akala mahindi makavu hadi aliposhiba, kisha akanywa maji.

Asubuhi nilimkuta amelala, tumbo limejaa, anasaga meno, anahara maji yenye harufu ya pombe iliyoharibika. Mume wangu alikuwa Tororo. Nikasimama pale nikipima mambo mawili, ng'ombe wangu na mume wangu, maana kumwita Bwana Mifugo ni kumwita mtu wa serikali juu ya magunia. Sikupima kwa muda mrefu. Nilimwita.

Aliingia, akampita kila mtu, akaweka sikio. Alikaa hapo zaidi ya kawaida. Akaingiza kidole kwenye mavi, akanusa, akainua macho ukutani kwenye nyasi zilizovurugika.

"Hii ni mahindi," alisema.

Nilimfukuza Sitara nzi usoni.

"Mimi ni wa mifugo. Magunia yana watu yao." Akavua koti. "Leta magadi. Nyingi. Na maji ya vuguvugu."

Tulimnywesha maji ya magadi siku nzima, chupa baada ya chupa, ili uchachu upungue. Jioni alisimama, na mimi nikalia kwa furaha. Lakini siku iliyofuata hakula, na iliyofuata vilevile. Alisimama mbele ya nyasi mbichi kama wale ndama wa kwenye saruji. Hakucheua. Bwana Mifugo alisikiliza, akasema palikuwa kimya kabisa. "Uchachu uliwaua. Nyumba ipo, wapishi hawako. Anaweza kukaa hivi wiki, atakonda, ataanguka."

"Basi mletee wengine," nikasema.

Alikwenda kwenye ndoo akanawa, ingawa hakuwa amemshika mtu. Nilijua anachofikiria, naye alijua kwamba najua. Ng'ombe wa karibu wote walikuwa wamechanganyika na wale wa kuvuka, hakuwaamini. Ng'ombe aliowaamini, safi, waliotunzwa, walikuwa Masinya, kwa bibi. Na njia ya Masinya ilikuwa ingali chini ya karantini aliyoitangaza yeye, hata mate ya ng'ombe yasitoke huko bila ruhusa ya mkubwa wa Tororo.

Tulikwenda pamoja, yeye na baiskeli, mimi nimekaa nyuma. Bibi alitupokea uani, mikono nyuma.

"Mulembe, mama," akasema Bwana Mifugo.

"Mulembe. Wewe nakuja kunikamata?"

"Nakuja kuomba. Ng'ombe ya huyu mama imeacha kucheua."

Bibi alinitazama, akatazama baiskeli, akamtazama yeye tena kwa muda. Hakuwa na chuki usoni. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

"Maksai iko," alisema. "Mimi haiwezi kutoa. Mikono yangu naua, wewe ulisema. Utatoa wewe. Na kwangu hapa hapana. Ulinisema mbele ya watu, utatoa mbele ya watu. Sokoni."

Ilikuwa siku ya soko. Alimfungua maksai, akatangulia. Walipomwona Bwana Mifugo na kofia yake ya kazi anakunja mikono ya shati katikati ya wauza mihogo, watu waliacha kununua. Bibi alimfunga maksai kwenye mti, akamkuna kidevu, tukangoja. Tonge lilipanda, likaonekana likisafiri shingoni. Bwana Mifugo akatia mkono wake uliooshwa, akauvuta ulimi pembeni kama mtu aliyezaliwa akifanya hivyo, akalitoa, la kijani, linafuka. Mzee mmoja alisema "Kumbe!" na watu wakacheka. Akangoja la pili, na la tatu. Tukayatia kwenye kibuyu chenye maji ya moto kidogo, nikakifunga kwa leso yangu, nikakiweka kifuani.

Hapo hakuna aliyerudi kununua, na kila aliyekuwepo alijua kwa nini. Lilikuwa limebaki neno. Bibi alisimama na mikono yake nyuma akilingoja. Bwana Mifugo alifungua mdomo. Naapa aliufungua. Kisha akasema, "Twende, yatapoa," akapanda baiskeli.

Sitara alicheua siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nakanda unga, nikaona taya linakwenda upande kwa upande, taratibu, macho yamelegea. Niliacha unga. Bwana Mifugo aliweka sikio akatabasamu, kisha akanipisha nami nisikie. Nilisikia jiko.

Nilifurahi kwa ng'ombe wangu, na nilimwonea haya yule mtu.

Habari ya sokoni ilifika Tororo, kama ilivyokuwa lazima ifike. Ametoa kitu cha ng'ombe kwenye eneo alilolifunga mwenyewe, mchana, amevaa kofia ya serikali. Hawakumfukuza. Walimpeleka Kiyeyi kusimamia josho, kazi ya mtu anayeanza. Siku ya kuondoka alikunywa chai yake, akanawa, akanipa mkono ndani ya leso kama kawaida.

"Unakumbuka nilikwambia mwisho wa wapishi?" aliniuliza.

Nikamwambia nakumbuka. Magunia hakuyataja, siku ile wala siku nyingine yoyote. Kwa hilo mume wangu alimheshimu hadi anaingia kaburini.

Miaka ikapita, Sitara akazaa, bintiye akazaa. Ndama wake sikuwatenga kamwe, niliacha warambwe wapendavyo. Watu wakaanza kusema habari za uhuru, na mwaka huo, kabla ya bendera kubadilishwa, dereva wetu akaniletea salamu kutoka Kiyeyi: Bwana Mifugo ameacha kazi, ana ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo hacheui. Ng'ombe alikuwa amenyweshwa dawa nyingi za minyoo, na baada ya dawa, kimya. Majirani wenye ng'ombe walikataa kumpa tonge. Waliyakumbuka mahubiri yake vizuri mno. Walimwambia mate ni sumu, yeye ndiye aliyewafundisha.

Hakuniomba kitu. Alisema tu nipewe salamu. Lakini mimi nilikuwa na mjukuu wa Sitara zizini, anacheua. Nilichukua themosi ya hoteli, nikaijaza matonge na maji yake hadi juu, hewa isiingie, nikaifunga kitambaa, na chupa hiyo, mtu asiwe na wasiwasi, haikurudi tena kwenye chai. Nikapanda lori.

Alikuwa amezeeka. Uani kwake walikuwapo wafugaji wengi, wamekuja kutazama ng'ombe wa mtaalamu akifa, na sura zao hazikuficha kitu. Safari hii alianza kwangu. Alinisalimia mimi kwanza, ndipo akaitazama themosi. Akaifungua, akanusa.

"Ya nani hii?"

"Mjukuu wa Sitara."

"Na Sitara alipata kwa nani?"

"Unajua alipata kwa nani," nikasema.

Hakuomba sukari. Alimshika ng'ombe wake taya, akauvuta ulimi, akayasukuma matonge moja moja, na maji akayamimina nyuma yake, mkono umezama hadi kiwikoni. Alipomaliza aligeuka kwa wale watu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi wanyamaze ili wamsikie.

"Hii imetoka kwa mama mmoja wa Masinya. Mwaka wa sotoka nilisimama barazani nikasema mikono yake inaua ng'ombe. Haikuua hata mmoja. Mimi nilijua, na nilinyamaza." Akavuta pumzi. "Ninyi mlinisikia nikihubiri. Nisikieni na hili."

Kisha akaninyooshea mkono, ule ule, wa kijani, unaochuruzika.

"Mpelekee."

Sikutafuta ncha ya leso. Nilimpa mkono mtupu, akaushika kwa nguvu, na ndoo ilikuwa pale karibu na hakuna kati yetu aliyeiangalia. Nilirudi nao hivyo hivyo, nimeuweka pajani juu ya kipande cha gazeti, abiria wa lori wakinikunjia pua kutoka Tororo hadi njiapanda ya Masinya. Sala ya alasiri iliningoja siku ile, maana kutawadha kungeuosha, na Mungu anajua.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, macho yake yamekwisha kuingiwa na ukungu. Nilimwambia ninakotoka. Nilimwambia maneno yote, moja baada ya jingine, kama yalivyosemwa.

"Yeye nasema mbele ya watu?" aliuliza.

"Mbele ya watu."

Kisha mkono wake ukatoka nyuma, ukapapasa hewani hadi ukaupata wangu. Ulikuwa umekauka, una magamba ya kijani. Akauinua puani akanusa, polepole, kama anavyonusa mtu anayejua anachotafuta.

"Hiyo ng'ombe itacheua," alisema, na mkono hakuuachia.